Karo linajaa, choo kinarudisha, kisima kinanuka: tafuta chanzo kabla hujaita gari

Ukikaa na watu wa pwani ya Zanzibar, iwe Nungwi, Jambiani au Wesha kule Pemba, malalamiko ya maji machafu ni yaleyale yanazunguka. Choo hakishuki, karo linajaa kila mara, harufu haiondoki, kisima kimebadilika. Na dawa ya kwanza ya kila mtu ni moja tu, ita gari la kunyonya. Gari linakuja, linanyonya, hela inakwenda, baada ya siku chache mnarudi palepale mnalaumiana na fundi. Mana mara nyingi huku kwetu ubovu hauko ndani ya karo, uko chini yake, kwenye maji ya ardhini ambayo yanapanda na kushuka pamoja na bahari, na gari haliwezi kuinyonya bahari.

Humu nikisema karo nakusudia lile tenki lililosakafiwa na kupigwa plasta, tope linapobaki. Shimo la kunywea ni lile la pili, halikusakafiwa chini, maji ndo yanaishia ardhini hapo. Nyumba nyingi za zamani zina shimo moja tu linalofanya kazi zote mbili, na wenye hayo ndo wanaoteseka zaidi.

Swali la kwanza: linatokea lini?

Kabla hujagusa mfuniko fikiri kwanza tatizo linakuja siku gani. Likija na bamvua, yani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa na kupwa sana, alafu likatulia siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo tu, basi chanzo ni bahari. Likija na masika, Machi mpaka Mei, au na mvua za vuli, ni maji ya paa na uwanja yanaingia karoni au ardhi yenyewe imeshiba. Likija Idi, kwenye harusi au msimu wa wageni, karo ni dogo kwa watu waliopo. Na likiwa halina siku, lipo tu mwaka mzima, hapo angalia paipu na tope.

Ukitaka uhakika andika kwenye simu tarehe na saa kila linapotokea, mwezi mmoja unatosha. Wavuvi na kinamama wa mwani hawana haja hata ya kuandika, wao wanajua kwamba bamvua maji hujaa saa 10 hivi alfajiri na jioni, na hukauka saa 4 hivi asubuhi na usiku. Waulize, ni bure.

Onyo naliweka juu kabisa ili mtu asije akasema hakulifikia

Hakuna mtu kuingia ndani ya karo. Si fundi, si kijana wa kazi, si kwa dakika moja, si kwa kuokota simu. Ile hewa yenye harufu ya yai viza ni nzito, inakaa chini, na ikiwa nyingi inaua pua kwanza, yani unaacha kuisikia harufu ukadhani imeondoka kumbe ndo imezidi. Mtu anaanguka, mwenzake anaingia kumuokoa na yeye anaanguka, na kwenye ajali hizi mara nyingi huyo wa pili ndo maiti ya pili. Ukifungua mfuniko simama upande upepo unakotoka, usiwashe kibiriti wala sigara mana kuna gesi inayoshika moto, na usiache shimo wazi hata ukienda kuchukua ufito tu, watoto wapo. Mfuniko ukiwa umeoza, nondo zimetoka nje na zege linamong'onyoka, usiukanyage, weka kizuizi na muite mwashi. Mifuniko iliyotengenezwa kwa mchanga wa pwani ndo inayooza mapema, chumvi inakula nondo.

Choo hakishuki, au maji yanarudi juu

Anza na jambo rahisi, je ni choo kimoja au vyote? Kikiwa kimoja na bafu la pembeni linashuka vizuri, kizibo kipo kwenye shingo ya choo hicho au kwenye paipu yake mpaka chemba, yani kile kishimo chenye mfuniko nje ya nyumba paipu zinapokutana. Hapo wahusika tunawajua, pampasi, waipsi, pedi, vitambaa, na kwenye nyumba za ufukweni mchanga unaooshwa miguuni kila siku. Waipsi hata wakiandika kwenye pakti kwamba zinayeyuka, hazimong'onyoki kama karatasi, zinakamata kwenye kiungo cha elbo na kila kitu kinachopita kinajishika hapo.

Vikiwa vyote, nenda nje ufungue chemba ya kwanza. Hii chemba ndo inakupa jawabu nusu. Ikiwa kavu na ndani choo kimejaa, kizibo kiko kati ya nyumba na chemba. Ikiwa imejaa, kizibo kiko mbele, basi fungua karo. Ukikuta maji ya karo yako kwenye usawa wake wa kawaida, yani chini kidogo ya paipu ya kuingilia, lakini chemba bado imejaa, basi gamba la mafuta na uchafu limeziba mdomo wa ile tii ya kuingilia (kiungo cha paipu chenye umbo la T), lisukume kwa ufito mrefu ukiwa umesimama nje utaona maji yanavyoshuka kwa kishindo. Na ukikuta maji ya karo yamepanda yamefunika paipu, acha kuhangaika na paipu kabisa, tatizo lako liko sehemu inayofuata.

Kuzibua tumia ufito laini wa plastiki au springi ya fundi bomba, alafu maji ya kutosha kwa mkupuo. Soda kali ya kuzibulia mimi siipendi, inachoma macho na ngozi, ikigonga kizibo kigumu inabaki hapohapo, na fundi anayekuja baadae anaingiza mkono hajui kama kuna kitu. Ukishaimwaga, mwambie. Na usichanganye jiki na dawa ya kusugulia choo ile ya asidi, inatoka hewa ya klorini ambayo kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kukumaliza.

Ikiwa unazibua na inaziba tena palepale kila baada ya muda mfupi basi mteremko ndo mbovu. Paipu ya inchi 4 inataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Fundi wengi wanalaza paipu juu ya mchanga uliojazwa bila kushindiliwa, mvua mbili tatu mchanga unakaa, paipu inafanya tumbo katikati, na kwenye lile tumbo ndo uchafu unalala. Hapo hakuna dawa, ni kufukua na kulaza upya. Mizizi nayo ipo, hasa mivinje na mikungu iliyopandwa karibu na kiungo kinachovuja, lakini watu wanaisingizia mizizi zaidi ya inavyostahili.

Karo linajaa haraka, gari limekuja juzi tu

Hii ndo kesi kubwa ya pwani, na ndo inayokula hela za watu.

Kwanza kabisa angalia maji safi yanayopotea ndani. Tenki la flashi linalovuja kimya kimya linapeleka karoni mamia ya lita kwa siku na wewe hulisikii. Tia rangi ya chakula ndani ya lile tenki la flashi, usivute kwa nusu saa, alafu angalia bakuli la choo, rangi ikishuka yenyewe basi raba imekufa, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo kabisa na kinamaliza kesi nyingi.

Pili, maji ya mvua. Simama nje wakati inanyesha, ufuate maji ya paa yanakwenda wapi. Nyumba kibao zimeunganishiwa paipu ya paa kwenye chemba ya choo kwa sababu fundi aliona ndo njia fupi. Mahesabu yake ni hivi, milimita 50 za mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na mvua ya milimita 50 masika si ajabu. Hakuna karo la nyumba linalostahimili hilo. Tenganisha, maji ya paa yapeleke kwenye tenki la kuhifadhia, utayahitaji kiangazi.

Tatu, na hapa tulie kidogo, bahari. Chukua ufito mkavu, upige alama kila sentimita 10. Siku ya bamvua pima kina cha maji ndani ya shimo la kunywea saa 4 asubuhi bahari ikiwa kavu, alafu upime tena jioni maji yamejaa, na katikati hapo watu wa nyumba wasitumie maji, au watumie kidogo sana. Ukiona maji yamepanda bila mtu kumwaga kitu ndo umeshapata jawabu. Nyumba iliyo mbali kidogo na ufukwe pima pia usiku, mana maji ya chini yanachelewa, bahari inajaa saa 10 lakini huko ndani yanaweza kupanda saa kadhaa baadae, na mbali zaidi yanapanda kidogo tu. Bamvua zetu zinatofautiana kama mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na kubwa zaidi zinakuja karibu na Machi na Septemba, sasa ile ya Machi ikikutana na masika ndo ule wakati makaro yote ya mtaa yanalia kwa pamoja na magari hayapatikani.

Wenye shimo moja lisilosakafiwa hapa hawana pa kutokea, maji ya chini yanaingia moja kwa moja penye kinyesi na yakishuka yanaondoka nacho. Kunyonya shimo la namna hiyo siku ya bamvua ni kutupa hela, wakati gari linaondoka maji yameshaanza kurudi. Kama ni lazima kunyonya, nyonya siku za maji mafu.

Sasa kosa wanalofanya wengi, wanachimba zaidi. Shimo limejaa, basi tuliongeze kina. Kwenye maweni, yani ile ardhi ya jiwe la matumbawe la mashariki ya Unguja au Micheweni, ukichimba unafikia ufa au pango na maji yanapotea ghafla, kila mtu anafurahi, fundi anasifiwa, kumbe umeyapeleka kwenye kisima cha jirani bila kuchujwa. Kanuni ni kinyume chake, sakafu ya shimo la kunywea inatakiwa iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1 na nusu au zaidi, kupima wakati maji yako juu kabisa, si siku fundi aliyokuja kiangazi bahari imekupwa. Ikiwa maji yako karibu, jenga kwenda juu. Tuta la mchanga safi lililoinuliwa na paipu zenye matundu ndani yake, au mitaro mifupi ya kina kidogo iliyosambazwa uwanjani, vinafanya kazi kuliko shimo refu. Vinataka nafasi, na karo lenyewe likiwa chini mno utahitaji pampu ndogo ya kupandishia, hilo ni kweli. Na karo lipigwe plasta ya kuzuia maji ndani na nje, mana karo linalovuja, maji ya chini yakipanda yanaingia ndani, unakuwa unalipia gari kunyonya maji ya ardhini.

Magharibi ya Pemba kesi inageuka. Udongo wa mfinyanzi wa kule haunywi. Shimo linajaa kwa sababu maji hayana pa kupita, hata bahari ikiwa mbali. Jaribio ni rahisi, chimba kishimo cha kama nusu mita mahali unapotaka kujenga, kijaze maji kishibe, kesho yake kijaze tena uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka sentimita moja mbili kwa saa nzima, shimo la kunywea hapo halitakufaa, fikiria mitaro mirefu au bustani ya matete ya kuchujia maji machafu. Yakipotea mbele ya macho yako, kama huko maweni, hiyo nayo si sifa, ni hatari.

Nne, shimo la kunywea limekufa kwa mafuta na tope. Kuta zinapata utando mweusi unaoteleza, maji hayapiti tena. Hii inatokea kwa jiko la mgahawa au nyumba ya biashara ya vyakula ambayo mafuta ya kukaangia yanamwagwa kwenye sinki. Weka kitega mafuta, ndoo au kijichemba chenye vyumba viwili kabla ya karo, ukisafishe kila wiki.

Tano ndo karo dogo. Tuseme nyumba ina watu 8, kila mmoja lita 80 kwa siku, hiyo ni lita 640. Karo linataka kuyaweka maji hayo angalau siku moja nzima, vizuri zaidi mbili, na libakishe nafasi ya tope, kwa hivyo chini ya mita 2 za ujazo usijenge hata kama ni nyumba ndogo. Ukigeuza nyumba hiyo kuwa gesti mambo yanabadilika kabisa, mgeni anaoga mara tatu kwa siku na kila mara anaosha mchanga na mafuta ya jua.

Simama hapa umuite mtu: kama karo ni tenki la plastiki lililofukiwa, usikubali linyonywe likauka wakati wa bamvua au masika. Tenki tupu linaelea, maji ya chini yanalisukuma juu, linang'oa paipu zote na kupasua uwanja. La matofali nalo linaweza kupasuka kuta kwa kusukumwa kutoka nje. Mwambie dereva abakishe maji ndani au ajaze safi mara tu anapomaliza.

Maji ya karo ni ya kawaida lakini uchafu mzito unaonekana kwenye shimo la pili

Fupi hii. Ama tii ya kutokea imevunjika au fundi hakuiweka, au tope limejaa. Fungua uangalie tii ipo, inatakiwa imezama ndani ya maji ili ichukue ya katikati na si gamba la juu. Kupima tope funga kitambaa cheupe kwenye ncha ya ufito, uteremshe pole pole mpaka chini, uache kidogo, utoe, ile sehemu nyeusi ndo kina cha tope. Likifika theluthi moja ya kina cha maji, nyonya. Hapa gari lina kazi ya kweli. Na muulize dereva anakwenda kumwaga wapi kabla hajaondoka, akikwepa swali tafuta mwengine.

Zile poda na dawa za kumaliza tope, na watu wanaotia hamira au nyama mbovu, sina muda nazo. Wadudu wa karo, yani bakteria wanaosaga uchafu, wanakuja wenyewe na kinyesi kila siku, huna haja ya kununua wengine. Unachoweza kufanya ni kutowaua, mtu anamwaga chupa nzima ya jiki kila Ijumaa akisema anasafisha alafu analalamika karo halisagi.

Harufu

Tenganisha ya ndani na ya nje.

Ya ndani mara nyingi ni maji yaliyokauka kwenye ile shingo ya sinki au bafu ambalo halitumiki. Chumba cha wageni kimefungwa tangu wageni waondoke, kaskazi inapuliza kavu, maji yamekauka, hewa ya karo inapanda. Mwaga ndoo ya maji, na kwenye chumba cha kufungwa muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu yake ili yasikauke haraka. Harufu ikitoka mara tu choo kingine kinapovutwa na ukasikia sinki linagugumia, hakuna paipu ya hewa, au ipo imezibwa na kiota. Kuvuta kule kunanyonya maji ya shingo yote. Dawa ni paipu ya hewa inayopanda juu ya paa, ncha yake ifungwe wavu wa mbu.

Ya nje, angalia kwanza mipasuko ya mfuniko na chemba isiyofunikwa sawasawa, ziba na udongo wa mfinyanzi au saruji dhaifu ambayo utaweza kuivunja tena. Alafu kimo cha paipu ya hewa. Ikiishia usawa wa dirisha, msimu wa kusi inaweza isikusumbue kabisa, kaskazi ikiingia ikakuletea yote chumbani, watu wanadhani karo limeharibika Disemba kumbe ni upepo umegeuka tu.

Harufu kali ya yai viza ndani ya nyumba, pamoja na kichwa kuuma au kizunguzungu, hapo si kesi ya kuchunguza. Fungua madirisha, toeni watu, muite fundi.

Kisima kimebadilika

Acheni kunywa kwanza, uchunguzi baadae. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hakijasahaulika, na njia yake ni hii hii, kinyesi kwenye maji ya kunywa. Chemsha mpaka yatokote sawasawa, au tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakti. Lakini ujue kuchemsha kunaua wadudu tu, hakuondoi naitreti zinazotoka kwenye kinyesi, na hizo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa mtoto tafuta maji ya pengine kabisa.

Sasa ni mabadiliko gani? Maji yakiwa ya chumvi tu, hayanuki, choo hakihusiki, mnavuta kuliko kisima kinavyoweza na bahari imesogea ndani, punguzeni pampu. Yakitoka povu ukiyatikisa kwenye chupa, yakawa na harufu, au rangi inabadilika baada ya mvua kubwa, hapo shuku maji machafu.

Angalia kwanza mdomo wa kisima. Hauna ukuta, kamba na ndoo zinalala chini, maji ya uwanjani yanarudi ndani, basi inawezekana hakuna karo lolote linalohusika, jenga ukuta na sakafu ya kuzunguka inayomwaga maji nje. Alafu hesabu mashimo yaliyo karibu, lako na la jirani. Mita 30 ndo umbali unaotajwa sana, lakini huo ni wa ardhi inayochuja, kwenye maweni maji yanapita kwenye ufa kama bombani na mita 30 haziwezi kukulinda. Ukitaka kujua shimo gani, tia rangi ya chakula ya kutosha kwenye choo kimoja, vuta maji mengi, mchunguze kisima siku hiyo na zinazofuata. Waambie jirani kabla, mtu akiona maji mekundu kisimani asije akaita watu. Rangi isipoonekana haimaanishi uko salama, inaweza kuwa imechanganyika mno. Ikionekana, hakuna ubishi tena.

Watu wawili watatu wakianza kuhara maji kwenye nyumba zinazotumia kisima kimoja, acha guide hii, nenda kituo cha afya na mwambie sheha, kiongozi wa shehia yenu, siku hiyohiyo. Maji yapimwe maabara, ZAWA ndo mamlaka ya maji, kwa jicho huwezi kuyajua.

Mtambo wa kusafishia maji machafu wa gesti au wa mtaa, ule wenye blowa (mashine ya kupuliza hewa ndani ya maji)

Hii ni kwa walinzi na watu wa matengenezo wanaoachiwa mtambo na kuambiwa tu swichi iko wapi. Chota lita moja ya maji kutoka kwenye tenki la hewa kwa chupa inayoonekana, iache nusu saa. Mtambo usio na ubovu unakuonesha tope la kahawia limeshuka robo mpaka theluthi ya chupa na maji juu yake yako wazi. Likiwa limeshuka kidogo tu na limejaa chupa, tope limezidi, linatakiwa kupunguzwa. Likiwa jeusi na linanuka, hewa haitoshi, angalia filta ya blowa, mkanda, na mapovu kama yanatoka sehemu zote za tenki au upande mmoja. Povu jeupe jepesi ni sabuni, uliza dobi. Povu zito la kahawia ni tope lililozeeka.

Umeme ukikatika saa chache mtambo unastahimili, ukipitiliza wadudu wanaanza kufa na harufu inaanza, kwa hivyo jenereta ikiwepo blowa iwe miongoni mwa vya mwanzo si baada ya eyakondishani. Waliokuwepo Unguja wakati wa lile giza la kukosa umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, wanajua nini maana ya mtambo usio na umeme. Na ukikuta mtambo unaharibika kila bamvua, chukua maji ya chemba ya kuingilia uyapime chumvi, bahari inapenya kwenye paipu na wadudu hawapendi chumvi inayokuja na kuondoka.

Boksi la umeme likiwa limeingia maji usiliguse hata swichi yake. Fundi umeme, basi.

Ufukweni kuna maji yanatoka chini ya mchanga na yamefanya ukijani

Bahari ikipwa siku za bamvua, tembea saa 4 asubuhi uangalie. Si kila maji yanayotiririka pale ni machafu, maji baridi ya ardhini kutoka chini ya jiwe kuelekea bahari ni kawaida ya pwani yetu tangu zamani. Yanayotia shaka ni yenye rangi ya kijivu, yenye harufu, na yale yaliyootesha majani membamba ya kijani kibichi pale pale tu huku kushoto na kulia kwake mchanga mtupu. Ukijani huo ni mbolea, na mbolea imetoka kwenye mashimo.

Chanzo cha kwanza ni mashimo ya kunywea yaliyo karibu mno na ufukwe, ya wenyeji na ya hoteli pia. Cha pili ni paipu ya kufurikia iliyofukiwa mchangani, fuata mstari wa ukijani kuelekea juu utakuta inakoanzia. Cha tatu karo lililopasuka. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kilimo kilipoanzia 1989, wana haki ya kuuliza, lakini tusibebeshe maji machafu kila lawama, mwani unakufa pia kwa joto la maji, na ukienda kwa mwenye hoteli na lawama zote mbili atakujibu ile moja tu anayoiweza.

Piga picha yenye saa na kitu cha kupimia ukubwa, andika kama ilikuwa bamvua au maji mafu, rudi mara ya pili kuthibitisha, alafu peleka kwa sheha ili yafike kwa watu wa mazingira, ZEMA. Usichovye mguu wala kuchota kwa mkono wenye jeraha. Na ukiikuta hiyo paipu msiizibe kwa saruji wenyewe kwa hasira, maji hayatarudi kwa mwenye nayo, yatatafuta ufa mwengine na mara nyingi yanatokea kwenye nyumba iliyo chini zaidi, au kisimani.